Sheria Kwenye Pakiti ya Maziwa

Harufu ya maziwa yaliyoungua inanisumbua hadi leo, hata yakiungua jikoni kwangu mwenyewe.

Tulikaa Hallunda, nje kidogo ya Stockholm, ghorofa ya sita. Mama alikuwa anafanya usafi hospitalini, na jioni hiyo alirudi hoi, hata koti hakuvua. Alikuta nimeacha maziwa yakafurika na kugandia kwenye jiko. Akachukua mwiko.

Pakiti ya maziwa ilikuwa mezani. Ubavuni mwake serikali ilikuwa imechapisha habari za sheria mpya, ambayo shuleni tulishasomewa. Mama hakujua kusoma Kiswidi, kwa hiyo kila karatasi iliyoingia nyumbani nilimsomea mimi.

"Mama, hapa wameandika ni marufuku kumpiga mtoto."

"Hata wako mwenyewe?"

"Hata wako. Ukimpiga, polisi wanakuja kumchukua."

Hayo ya polisi hayakuandikwa. Niliyaongeza mimi.

Mama akaweka mwiko chini. Akakaa na koti lake, akaigeuzageuza ile pakiti kana kwamba upande mwingine ungesema tofauti.

"Haya," akasema. "Nchi ya watu."

Asubuhi alinisuka nywele. Siku zote alinibana katikati ya magoti, akavuta mpaka machozi yakanitoka, na nikitikisika ananigonga begani kwa kitana. Siku hiyo alinishika kwa ncha za vidole. Nilipofika shuleni, nywele zote zilikuwa zimefumuka.