Jina Ambalo Kabale Hakulitaja

Siku ya kwanza ya kuandikia kikundi cha maigizo cha Kiwanjani nilifika na mtoto mgongoni. Mwelekezi, yaani anayewapanga waigizaji jukwaani, tulimwita Mwalimu. Aliniangalia, akasema, "Mama Kendi, kaunti inataka mchezo wa amani. Andika mtoto akilala." Mtoto hakulala. Niliandika hivyo hivyo.

Mchezo ulihusu ugomvi wa kisima. Kabale, mwigizaji wetu bora, aliigiza mke anayemkabili baba wa mume wake mbele ya watu: "Galgalo, maji haya ni ya nani?" Kwenye mazoezi akafika hapo, akaliruka jina.

"Sema jina!" Mwalimu akafoka.

"Siwezi. Baba mkwe wangu anaitwa hivyo."

"Wacha wewe! Huu ni mchezo tu."

"Mchezo utaisha jioni, Mwalimu. Mimi nitarudi kwao."

Mimi Mmeru; sikujua mke wa Kiborana hataji jina la baba mkwe hata akiwa peke yake jikoni. Nikasema basi, mzee tumwite Wario. Kabale akanicheka. "Mama Kendi, huyu mama uliyemwandika si ameolewa? Mke gani atamwita baba mkwe kwa jina, liwe lolote?"

Nikafuta. Tulipoigiza kule Korbesa, Kabale alivuta shuka usoni, akatazama chini, akasema, "Mwenye kisima, watoto wako wana kiu." Akina mama walipiga vigelegele mpaka Mwalimu akajifuta macho, akasingizia vumbi.

Kisha akaja prodyuza, mwenye pesa za kuugeuza mchezo wetu filamu. Akataka jina la Galgalo lirudi, eti bila jina watazamaji watapotea. Kabale akakataa. Nikamwambia yule bwana, "Ukimharibia Kabale kwao, mimi na wewe tutakosana vibaya." Akatabasamu. Baadaye, bila kutuambia, akampa mwanamke mwingine aliseme, sauti ikapachikwa juu ya mdomo wa Kabale.

Tuliisikia siku filamu ilipoonyeshwa, ukumbi umejaa, mzee Galgalo mwenyewe kiti cha mbele. Kabale akanishika mkono. Hasira yangu haijapoa hadi leo. Niliacha kuandika wiki hiyo. Nimestaafu nikiwa bado nanyonyesha, mcheke mkitaka. Ninyi mnaoanza, kabla ya kuandika neno, ketini kwanza na mtu atakayelisema, mmwulize atarudi nalo nyumba gani.

Lakini Mwalimu na Kabale bado nawapenda, na ukumbi ule pia. Maana taa zilipowaka, mzee alisimama na fimbo yake, akamgeukia prodyuza.

"Kijana, uso ni wa Kabale wetu. Hiyo sauti umeiokota wapi?"