Nusu ya Rozari

Athanas Makoye hakuwahi kuanza rozari. Miaka arobaini na mitatu ya ndoa, mkewe Serafina ndiye aliyeanza, "Salamu Maria, umejaa neema," naye akaitikia, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu." Ndivyo walivyogawana. Shule hakwenda, sala alizishika kwa masikio, na ulimi wake ukazoea upande wa kuitikia.

Tangu wamzike Serafina hapo Tinde, nyumba haijasikia rozari. Kila jioni mzee anatoa shanga, anakaa kwenye kigoda, anangoja. Hakuna anayeanza. Anazirudisha mfukoni, anakwenda kufunga zizi.

Zamani, binti yao Noela na wadogo zake wakiwa bado wa kubebwa, pamba ilikataa. Athanas akaenda Nyarugusu, upande wa Geita, kuchimba dhahabu. Wenzake walikwenda kwa waganga wakachanjwa chale za bahati. Yeye alivaa rozari tu. Jua likizama alikaa pembeni ya duara, shimo lao la kuchimbia, akasali. Watu wakasikia kuitikia, kuanza hawakusikia.

"We Padri Nusu, unamjibu nani?" Marwa, mchimbaji mwenzake, akamchokoza. "Mizimu ya duara?"

"Namjibu mama Noela. Ameshaanza huko nyumbani."

Walicheka mpaka wakakohoa vumbi. Jina likamganda. Wapo waliooa mke wa pili palepale machimboni. Padri Nusu kila mwisho wa mwezi alidandia lori kurudi Tinde, na sukari, na madaftari ya watoto, asikose misa ya Jumapili na watu wake.

Sasa zamu ya jumuiya ikamfikia. Alhamisi majirani Wakatoliki wangekuja kusali kwake, na kwa desturi yao mwenye nyumba ndiye anayeanza rozari. Wiliam, mwenyekiti wao, akapita kumwuliza.

"Baba Noela, tukuruke safari hii?"

"Msiniruke."

Nyumba ya Serafina haikuwahi kurukwa.

Alhamisi watu wakaketi kwenye mikeka uani. Nasadiki wakaisali pamoja, na Baba Yetu. Zikafika shanga za Maria. Wote wakamtazama mzee. Akafungua kinywa.

"Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu..."



"Baba Noela," jirani yake Ritha akanong'ona, "umeanzia mkiani."

Akajaribu tena. Ikatoka ileile. Mtu nyuma akajikohoza kuficha kicheko. 

"Mwanzo si wangu," mzee akasema.

Ritha akauchukua mwanzo, mzee akaitikia pamoja na wengine, mpaka rozari ikaisha. Lakini sauti ilikuwa ya Ritha.

Walipotawanyika, Ritha akabaki kukunja mikeka.

"Baba, kule Geita ulikuwa unamsikia mama Noela?"

"Nyarugusu na Tinde? Ningemsikiaje?"

"Mbona uliitikia?"

Mzee akampokea mkeka, akauegemeza ukutani.

Kesho yake jioni akakaa kwenye kigoda, shanga mkononi. Akanyamaza kwa urefu wa nusu ile ya Serafina, bila kumkata neno hata moja. Kisha akaitikia.

Akasogeza shanga moja, akanyamaza tena.