Uso wa Ndani ya Kava

Naanza kwa kukiri kwamba haya sijawahi kuyasimulia kwa mdomo, hata kwa dada yangu ninayemwambia kila kitu, na ndiyo maana nayaandika, ingawa hata kuyaandika kunanitoa jasho viganjani kama siku ile. Watu wa upande wa Nambilanje wanaijua nusu ya kuchekesha. Nusu nyingine tunayo mimi na Mjomba.

Mimi ni mtu wa vitabu. Kidato cha nne nilipata sifuri (naisema mapema ili mtu asije akanisemea), nikajisomesha mwenyewe kwa chochote chenye maandishi, hadi vipande vya magazeti vinavyofungiwa maandazi. Aliyeniletea kitabu changu cha kwanza kisicho cha shule ni Mjomba, kaka yake mama, na yeye ndiye aliyenifundisha kukivalisha kava kwa kalenda ya mwaka uliopita, picha ndani, weupe nje, ili nje uandike jina la kitabu kwa mkono wako mwenyewe. Na kwetu mjomba si mgeni wa sikukuu. Mtoto ni wa mjomba. Mpwa akiharibu, anayeulizwa ni yeye.

Mwaka wa uchaguzi Mjomba akagombea udiwani. Mimi nafanya kazi steshenari, Nachingwea mjini, kwa hiyo mabango yake nilimchapia mwenyewe, kwenye karatasi nyepesi ya kawaida kwa sababu uwezo ulikuwa huo. Msimu ule kusoma kulikuwa mateso: gari la matangazo linapita, unaishika sentensi, linapita la chama kingine, sentensi imeshaponyoka, na mimi nikipoteza sentensi lazima nianze ukurasa upya, siwezi kuendelea hivi hivi kama watu wazima wengine. Riwaya moja nene nikawa natembea nayo kila mahali bila kufika mwisho, mpaka jalada likaanza kuchakaa, na jalada likichakaa mimi usingizi hauji.

Basi, siku ya mkutano mkubwa wa Mjomba nikaenda kijijini kwake Nambilanje asubuhi, na njiani, chini ya mkorosho, nikaliona bango la mpinzani wake limelala chini. Sikulibandua (naapa, ni upepo). Nikaligusa tu. Jamani, karatasi ile! Nzito, inang'aa, imechapwa Dar, ukiikunja inatii. Nikatazama huku na huku, nikajiambia karatasi haina chama, nikaenda nyuma ya nyumba ya Mjomba nikakivalisha kitabu changu, uso wa yule bwana ndani, weupe nje, kona zimekaa sawasawa, bila selotepu, maana gundi huacha alama na mimi alama siziwezi. La Mjomba lisingefaa, lingechanika kwenye kona. Hilo nililiwaza kabisa, na sikuona ubaya wake.

Mchana Mjomba akaniita pembeni.

"Mpwa wangu, leo wasifu wangu utausoma wewe."

"Mjomba, mimi mbele za watu natetemeka."

"Tetemeka, lakini soma. Wanapita wakisema sina watu, hata nyumbani kwangu sikubaliki. Nataka waone nina watu."

Wasifu wenyewe nilikuwa nimeuandika mimi, nikaufuta, nikauandika tena, mpaka ukatosha ukurasa mmoja bila neno la kuongeza. Tatizo likawa ule ukurasa: ukiushika na mikono inatetemeka, uwanja mzima unaona. Nikaupachika ndani ya riwaya. Kitabu kizito hakitetemeki ovyo. Nilijipongeza kwa akili hiyo.

Uwanja wa mpira ulijaa, vumbi, upepo wa kiangazi. Mjomba alikaa meza kuu na koti lake la harusi. Nikapewa kipaza sauti, nikakishika kwa mkono mmoja na kitabu kwa mwingine, nikaanza kusoma bila kuinua macho, na kwa kuwa mkono ulikuwa mmoja ilibidi nikipanue kitabu mpaka mwisho, na hapo (haya niliyaelewa baadaye) jalada la mbele likachomoka kwenye mkunjo, kava likafunguka likaning'inia mbele ya kifua changu kama kanga kwenye kamba, na yule bwana akawa anawatazama wananchi huku anatabasamu.

Mimi nasoma. "Huyu ndiye mtu pekee anayestahili imani yenu."

Wakacheka. Nikadhani wamependezwa, nikarudia kwa nguvu zaidi: "Huyu ndiye mtu pekee!"

Wakapiga vigelegele vya dhihaka. Mama mmoja wa mbele, mtoto mgongoni, akapaza sauti: "We mwanangu, kura tumpe yupi sasa, wa kwenye kiti au wa kwenye kitabu?"

Ndipo nikatazama chini. Nikataka kulikunja upesi, upepo ukalichukua, likaenda kutua mezani mbele ya Mjomba, uso juu. Akaliangalia. Akaniangalia. Na mimi, badala ya kukaa kimya kama mtu mwenye akili, nikataka kujieleza, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni:

"Mjomba, nilichukua kwa sababu ya kwake ni nzuri zaidi!"

Nilimaanisha karatasi. Neno karatasi halikutoka.

Mjomba alisimama akahutubia, na alihutubia vizuri, lakini waliobaki walikuwa wachache. Kesho yake gari la mpinzani lilipita likitangaza, "Mpwa wake kashachagua, nyie mnangoja nini?" Na Mjomba akashindwa. Hakuna aliyeniambia ni kwa sababu yangu, na hakuna aliyeniambia si kwa sababu yangu.

Nilimpigia simu, hakupokea. Msimu wa korosho ukapita, sikwenda hata kuokota. Kisha siku moja akaingia steshenari, amekonda, ameshika furushi la mabango yake yaliyobaki, amelifunga kwa kamba ya gunia.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba." Akaliweka juu ya kaunta. "Ni mepesi, najua. Lakini ukiweka mawili mawili yatafaa."

Nilitaka kumwambia ni karatasi, Mjomba, ilikuwa karatasi tu. Akawa ameshatoka, anavuka barabara kuelekea stendi ya magari ya Ruangwa, hakugeuka.

Nimeapa sitachukua tena karatasi yenye uso wa mtu na kusema haina chama. Ile riwaya nimeivalisha upya, mabango mawili kwa pamoja, na safari hii uso wa Mjomba nimeuweka nje. Kona moja imeshachanika. Sijaibadilisha, na kitabu sijakimaliza, maana kila nikikiinua nisome, yeye ndiye anayetazama watu, na hakuna tena mtu wa kumpigia kura.