Swichi ya Hita Chumbani kwa Mama Mkwe

Mafundi umeme wana ugonjwa wao, na kwa Mzee Waya ulikuwa sugu. Akifungua kisanduku cha swichi nyumbani kwa mtu, kabla hajagusa hata waya mmoja, lazima kwanza amtukane fundi aliyemtangulia. Atatikisa kichwa, atasonya, atauliza, "Nani alifunga hii?" Miaka zaidi ya ishirini ya kazi hakuwahi kumpata mtangulizi wa kumridhisha. Wateja walimpenda kwa hilo, maana waliona mtu anayeponda wenzake hivyo, yeye mwenyewe lazima ni moto wa kuotea mbali.

Kwa mama mkwe wake tu ndiko sifa hizo hazikufika. Alimkarimu vizuri, alimwita mwanangu, lakini taa ikimharibikia alikaa nayo tu, hakumwita. Jambo hilo lilimuuma Mzee Waya kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Basi mkewe alipomwambia asubuhi moja kwamba mama ameteleza, goti limevimba, na kisa ni hita ya maji ya kuogea, alimwonea huruma kwelikweli. Na nyuma ya huruma, aibu iliyoje, aliona nafasi ya kung'ara.

"Leo atanijua," akasema, akibeba mkoba wa vifaa.

Mama mkwe alikuwa sebuleni, mguu juu ya stuli. Akamweleza taratibu. Hita haiwaki mpaka mtu aende chumbani kwake, ageuze swichi iliyo nyuma ya kabati. Na hita ikiwaka, jiko la umeme linazima. Asubuhi ile alikuwa amebandika chai, akasahau kugeuza, akaingia bafuni akakuta maji barafu. Akatoka bafuni miguu imelowa kwenda chumbani, akateleza kwenye vigae vya koridoni.

"Swichi ya hita chumbani?" Mzee Waya hakuamini masikio yake. "Mama, nani alikufungia uchafu huu?"

Mama mkwe akafuta miwani. "Fundi mmoja hivi, zamani."

"Huyo si fundi, ni muuaji! Kanunua waya mwembamba, kaogopa utaungua vyote vikiwaka pamoja, basi kakuwekea swichi ya kuchagua, uoge au upike. Halafu kaiweka pale waya ulipomwishia! Ningemkamata, ningemfunga yeye kwenye hiyo hita."

"Polepole, mwanangu," akasema mama mkwe, midomo ikimcheza.

Chumbani mle Mzee Waya hakuwa na mazoea namo. Mkwe hajipitishi tu chumbani kwa mama mkwe. Akaomba ruhusa mara mbili, akaingia ubavuubavu, akasogeza kabati, akafungua kifuniko cha swichi. Ndani ya kifuniko paliandikwa kwa penseli: Hita juu, jiko chini. Usijaribu vyote. Na chini yake, kwa mbwembwe za mtu ambaye ndevu zimemwota juzi: Kazi ya Mtaalamu.

Mwandiko aliujua. Chumba nacho akakikumbuka. Enzi zile kilikuwa stoo, na yeye alikuwa kijana anayeposa, mwezi wa tatu katika ufundi, akajitolea kufunga hita bure ili aonekane mtu. Waya ukamwishia stoo, akaoa, na kazi yenyewe akaisahau. Jina la Mtaalamu alijipa mwenyewe, na hakuna mwingine aliyewahi kulitumia.

Tusimfichie siri: kidole alishakilowesha mate, kiko juu ya neno Mtaalamu, tayari kulifuta. Kisha akalikumbuka goti. Goti lile alilivimbisha yeye. Akashusha mkono, akarudi sebuleni amenywea.

"Mama, yule fundi..."

"Namjua," akasema mama mkwe. "Nilimpa binti yangu."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ningekuambia nini? Siku ile ulifungua bomba mara sita unionyeshe maji yanavyotoa mvuke. Nikasema moyoni, umeme hajui, lakini anataka watu wake waoge maji ya moto. Nikaona unatosha." Akashusha mguu kutoka kwenye stuli, meno kayauma. "Ila sasa goti limechoka kukusitiri, mwanangu. Siku ile uliifunga kama mchumba. Leo nifungie kama fundi."