Nilivyomwita Kendi Mwizi wa Memori

Wenzangu, nimeumbuka. Mimi ndiye fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya maziwa hapa Nkubu. Seva yetu imebeba kompyuta pepe mbili, yaani kompyuta za programu tu zinazokaa ndani yake, na juzi ile ya pili ilikataa kuwaka, eti memori haitoshi. Na tulikuwa tumetoka kuongeza memori!

"Tumeuziwa feki," nikamwambia meneja, kifua mbele.

Akamwita Kendi, aliyetuuzia, kutoka Makutano. Nikamwita mwizi mbele ya wakulima waliojaa mlangoni. Kendi akavuta kiti. Akakaa, akaikagua seva.

"Memori iko, tena nyingine haijaguswa," akasema. "Lakini kila kompyuta pepe inajifungia yake, kama mtu anaweka Biblia kwa kiti kanisani ndio asinyang'anywe. Kernel, ile roho ya mfumo, inahesabu memori ya zote mbili kwa akaunti moja, na hiyo akaunti imewekewa kikomo kidogo. Hii ya pili ikitaka kupita hapo, inakataliwa."

"Nani aliweka hicho kikomo?" meneja akauliza.

"Ni mwenye ako na password ya seva."

Mzee mmoja akapaza sauti kutoka mlangoni, "Na huyo ni nani?"

Kabla sijafungua mdomo, meneja alikuwa ameshaninyooshea kidole.