Mnyauko Ndani ya Kompyuta

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha masomo ya jioni, kwamba kompyuta inaweza kupata mnyauko. Sisemi kwa mfano. Nasema mnyauko wenyewe, ule wa migomba, unaoanza kwenye mche mmoja, ukahamia kwa jirani yake, na ukija kushtuka kibanja kizima kimelala chini. Aliyenieleza alikuwa mwenzangu wa darasani, fundi wa simu pale Bukoba mjini, mtu aliyesema uongo kwa utulivu wa mzee wa kanisa akisoma matangazo. Alisema ukichanganya toleo imara la mfumo na toleo lake la majaribio ndani ya mashine moja, ugomvi wao hauishii kwenye programu. Unashuka hadi kwenye picha na nyimbo zako, na kila ukiiwasha kitu kimoja kinaoza. Na ukichomeka flashi humo, flashi inabeba ugonjwa kama kisu ambacho hakikupitishwa motoni.

Hicho kisu ndicho kilichonimaliza. Mimi ni mtoto wa Kagoma, kule Muleba. Mnyauko ulipoingia kwetu, baba yangu, ambaye nyumbani tulimwita Tata, aling'oa migomba aliyoachiwa na baba yake, akaifukia, akachoma panga motoni kila alipotoka shina moja kwenda jingine. Jirani akija kuazima panga alirudi mikono mitupu, na hakuna aliyenuna. Kwa hiyo mtu akiniambia habari ya kisu na maambukizi, mimi simuulizi ushahidi. Nanyamaza na kutii.

Tata alipiga enanga, zeze letu la nyuzi nyingi na mbao ndefu. Jumapili aliimba besi kwaya, lakini jioni zake zilikuwa za enanga, na sauti yake ilikuwa nzito kiasi kwamba kuku walikuwa wanaingia bandani kabla ya wakati wakidhani ngurumo. Alipoanza kuumwa, nilibeba kompyuta yangu hadi Kagoma nikamrekodi. Kompyuta yenyewe ilikuwa mtumba, nzee kiasi kwamba nadhani Nuhu aliandikia humo orodha ya wanyama. Tata aliimba wimbo mmoja mrefu, ule aliomtungia mama walipokuwa wachumba. Mama alikaa mlangoni akimenya ndizi, akijifanya hasikilizi. Mvua ikanyesha katikati ya wimbo, na bati letu likaanza kupiga kelele kama watu elfu wanamwaga mahindi.

Nikarudi Bukoba na azma ya kuiondoa ile mvua. Mwalimu wetu wa jioni, mama mmoja wa Kiislamu mwenye subira isiyo ya kawaida, alikuwa ametufundisha mfumo wa bure wa kompyuta. Alitueleza kwamba programu zinakuja zimefungwa ndani ya pakeji, na kila pakeji ina wenzake inaowategemea. Toleo imara lina pakeji za zamani kidogo, zilizokwisha kujaribiwa, hazikuangushi. Toleo la majaribio lina mpya, zinazoendelea kuchunguzwa. "Chagua moja ukae nalo," alisema. Mimi nilikuwa kwenye toleo imara. Lakini nilisikia kwamba programu ya sauti iliyomo kwenye toleo la majaribio inafuta kelele za mvua kana kwamba haikuwahi kunyesha. Nikaongeza anwani ya lile toleo kwenye mashine, nikaiita programu.

Ikaja na ukoo mzima. Pakeji zilizopanda kuifuata ziliwaacha wenzao wa zamani chini, wakilia kwamba hawawezi kuishi bila toleo lile lile walilozoea. Nikajaribu kurekebisha, mashine ikapendekeza kufuta nusu ya vitu vyangu, pamoja na programu inayoonyesha kila kitu kwenye kioo. Nikakataa, nikaizima, nikamkimbilia fundi wa simu. Ndipo akanipa hadithi ya mnyauko.

Wiki ile ile Tata akafariki. Tulimzika kibanjani, pembeni ya migomba mipya iliyotoka kituo cha utafiti cha Maruku.

Siku ya kumaliza matanga, watu walipokwisha kutawanyika, mama aliniuliza kama nimekuja na ule wimbo. Nilimweleza kuhusu mnyauko. Alinisikiliza kwa makini sana, maana alikuwa anaujua mnyauko kuliko mimi. Hakubisha. Alisema tu, "Basi usiiguse, mwana wange. Itenge. Tutasubiri dawa."

Nikaitenga. Niliifunga kwa kitenge, nikaiweka juu ya kabati chumbani kwangu mtaa wa Hamugembe, Bukoba, mbali na kifaa chochote chenye waya. Hata pasi sikuipitisha karibu. Kuipeleka kwa mwalimu niliona aibu: mtu anabebaje mche mgonjwa kuupeleka kwenye shamba la shule?

Kila nilipokwenda Kagoma, mama alinipokea na swali moja: "Umekuja naye?" Hakusema wimbo. Alisema naye. Nami nilimjibu kwamba bado, dawa haijapatikana, na yeye aliniwekea akamwani kiganjani, zile buni za kutafuna za kukaribishia wageni, tukatafuna. Halafu ikafika safari moja hakuuliza. Safari iliyofuata pia hakuuliza. Nikafurahi, jamani. Nilirudi Bukoba nikiwaambia watu kwamba mama yangu amepoa, Mungu amemfariji. Sikujiuliza kwa nini chumvi ilikuwa inaingia kwenye mboga mara mbili, wala kwa nini aliniita kwa jina la mdogo wake aliyekufa zamani.

Mwalimu nilikutana naye njiani Hamugembe, amehamia huko huko karibu nami. Aliuliza habari za nyumbani, kisha za ule wimbo, kwa sababu darasani nilikuwa nimeusifu mpaka watu wakachoka. Nilipomweleza alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia. Akaniambia niilete tu. Niliipeleka kwake ikiwa ndani ya kile kitenge, nikamsihi asichomeke chochote humo. Binti yake akacheka mpaka akatoka nje.

Mwalimu hakufuta kitu. Aliiuliza mashine kwanza kila pakeji imetoka toleo gani, akapata zile zilizopanda na zile zilizobaki chini. Akaandika maagizo mafupi kwamba toleo imara litangulie siku zote, na la majaribio lisiguswe mpaka liitwe kwa jina. Kisha akaziamuru zilizopanda zishuke zote pamoja, kwa amri moja, ili isibaki hata moja ikining'inia. Alinionya kwamba kushusha hakuna uhakika, kuna wakati inakataa. Haikukataa. Chai aliyonimiminia ilikuwa haijapoa vizuri alipogeuza kioo kunielekea, na wimbo wa Tata ukiwa pale pale nilipouacha, mzima, na mvua yake yote.

Kesho yake nilikuwa Kagoma. Nilimweka mama kwenye kigoda pale pale mlangoni, nikaiweka kompyuta juu ya meza, nikafungulia. Enanga ikaanza, halafu sauti ya Tata, halafu mvua kwenye bati. Mguu wa mama ukaanza kufuata mapigo. Akatabasamu. Niliona nimeshinda dunia.

"Huyu mzee anapiga vizuri," alisema. "Ni wa wapi?"

Nikamwambia ni wa hapa hapa.

"Mpe akamwani basi," mama akasema. "Ameimba sana, amechoka."

Nikaenda nikachukua buni, nikaziweka mezani mbele ya kompyuta. Mama akaridhika. Tukausikiliza hadi mwisho, na ulipokwisha akaniuliza kama mvua imekatika.

Njia nzima ya kurudi Bukoba nilijipangia maneno ya kujituliza. Nilijiambia kwamba angalau tuliuokoa. Kwamba kama ningeiwasha mapema, wimbo ungeoza, na mama asingeusikia kabisa, wala kwa kuujua wala kwa kutoujua. Kusubiri ndiko kulikouponya. Maneno hayo yalikuwa matamu, na nilitaka mtu mwenye elimu anithibitishie. Nikapita kwa mwalimu kabla hata sijafika kwangu. Nilimkuta anaanua nguo. Nilimshukuru, nikamsimulia habari za mama, kisha nikamuuliza: kama ningeiwasha wiki ile ile ya msiba, wimbo ungepona?

Akakunja shuka lililokuwa mkononi, akaliweka kwenye beseni.

"Ungeusikia siku hiyo hiyo," alisema. "Pakeji zinagombana zenyewe kwa zenyewe, kaka yangu. Faili zako haziguswi. Hata ungeunakili kwenye flashi ukampelekea mama, isingetokea kitu."