Zamu ya Dada Iliyojazwa Mlio wa Kuku

Saa kumi na mbili asubuhi, maji kwenye pipa yanachemka. Mwanamke mwembamba mwenye aproni ya plastiki anamshika kuku miguu, anamchovya, anahesabu kimoyomoyo hadi saba, anamtoa. Mikono inapita mara tatu tu, manyoya yako chini.

"Ukichelewa ngozi inachanika. Ukiwahi, manyoya yanakugomea," anasema bila kuinua macho.

Sokoni wanamwita Mama Manyoya, ingawa hana mtoto. Ana miaka kumi na tisa katika kazi hii. Siku nzuri hunyonyoa kuku sitini.

Mteja wa kwanza anafika akicheka tayari.

"Mama Manyoya! Tupe Begi Tupu kidogo!"

"Koo limekauka, kaka."

"Maji si hayo hapo!"

"Hayo ya kuku. Unataka nikunyonyoe na wewe?"

Mteja anacheka mpaka anashika meza. Mama Manyoya anachukua kuku mwingine.

Begi Tupu ni wimbo wake. Unapigwa saluni, harusini, hata kwenye simu za watu zikiita. Watu wanaimba naye: "Dada kaja, begi tupu kalikunja kwapani, asema anapita tu, mara yumo jikoni!"

Dada huyo yupo. Ni dada yake mkubwa, mpishi wa shule, ndugu pekee aliyebaki naye. Kila Jumapili alikuja na begi lake la bluu na kuondoka nalo limejaa vitunguu, mkaa na miguu ya kuku. Wimbo waliutunga pamoja wakiosha vyombo. Mdogo akimaliza kuimba, dada alijibu: "Mdogo mtu kaniona, sukari kaficha uvunguni; kaizibia na kiti, ati hayupo nyumbani!"

"Ulikuwa wimbo wa watu wawili," anasema. "Alikuwa ananishinda. Zamu yake ndiyo tamu."

Mwaka jana mteja mmoja alimrekodi kwa simu akiimba kazini. Dada hakuwepo, kwa hiyo kila alipofika kwenye zamu ya dada alinyamaza kidogo, kwa mazoea, kisha akaendelea. Mteja akaipeleka rekodi studio. Penye ukimya ule wakaweka mlio wa kuku.

Nchi nzima ikacheka. Shuleni, wanafunzi wakawa wanampokea dada kwa mlio huo akigawa chakula. Baadaye mzazi mmoja akauliza hilo begi hujazwa wapi, kama si jikoni mwa shule. Tangu siku hiyo, mlinzi akawa analipekua getini kila jioni.

Dada alikuja mara moja tu baada ya hapo. Hakukaa. Alilitupa begi mlangoni akasema, "Chukua, mdogo wangu. Liimbe vizuri."

Miezi minane sasa. Begi limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake. Jumapili bado anatoa sahani mbili, kisha anarudisha moja kabatini. Redio aliigawa kwa jirani. Akimpigia dada simu, haipokelewi.

"Watu wananiambia nina bahati, nachekesha," anasema, akijipangusa kwa mkono wa kushoto, wenye kovu kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Pipa lilimmwagikia miaka sita iliyopita, akakaa mwaka mzima bila kazi.

"Mwaka ule begi lilikuja limejaa kila Jumapili, likaondoka tupu," anasema polepole. "Hilo sikuliimba."

Jumapili hii hatawasha moto. Atamfuata dada yake kwake. Begi atalibeba vilevile lilivyo, tupu, kalikunja kwapani.

"Akifungua nitamwambia napita tu. Kisha naingia jikoni."

Na dada asipojibu?

Anamchovya kuku wa mwisho, midomo ikihesabu. Moja, mbili, mpaka saba.

"Nitakaa humo humo jikoni," anasema. "Ni zamu yake. Nitamsubiri."